Uvimbe wa Taya kwa Watoto: Historia ya Ugonjwa wa Burkitt

(Muziki mfupi, kisha msomaji aanze)

 

Leo tunazungumza juu ya saratani. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiri ni ugonjwa wa wazee. Lakini iko saratani inayowapata watoto wadogo, hasa wa miaka 4 hadi 7, na wavulana zaidi kuliko wasichana. Inaitwa limfoma ya Burkitt. Hapa kwetu inaonekana zaidi kando ya Ziwa Victoria, magharibi mwa Kenya na pwani. Mara nyingi huanza na uvimbe kwenye taya.

Nitawasimulia historia yake. Ugonjwa huu ulichunguzwa kwanza hapa hapa Afrika Mashariki, na watoto wetu ndio waliowafundisha madaktari wa dunia nzima. Tena ndani ya historia hiyo mna mambo ambayo mzazi akiyajua anaweza kuokoa maisha ya mwanawe.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Hospitali ya Mengo, Kampala, ilianzishwa mwaka 1897 na Dkt. Albert Cook, na katika kumbukumbu zake za zamani wameandikwa watoto waliokuwa na uvimbe mkubwa wa taya. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba watoto hao wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Aliyekuwa na uvimbe wa taya aliandikiwa jina moja, wa jicho jingine, na wa tumbo jingine tena.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Dkt. Hugh Trowell amwone mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt alishangaa. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja. Hata uvimbe wa kawaida wa mfupa hauanzi mahali panne kwa wakati mmoja. Alimpiga picha, lakini hakupata jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja akizunguka wodini. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto mwingine ameketi na mama yake nje kwenye nyasi, uso umevimba vile vile. Akatoka kwenda kumtazama. Safari hii hakuishia kwenye taya, bali alimpapasa na tumbo, akakuta mna uvimbe humo pia. Hapo akaanza kushuku kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ni ugonjwa mmoja.

Alirudi Mulago akapekua mafaili ya watoto waliotangulia, na mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza juu ya ugonjwa huo. Wataalamu wa maabara wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, walipima vipande vya nyama ya uvimbe kwa hadubini. Walionyesha kwamba ni saratani ya limfu, yaani ya zile chembe za damu zinazopigana na magonjwa mwilini. Tena karibu nusu ya saratani zote za watoto walizozipima zilikuwa za aina hii.

Mama mpendwa, shika jambo hilo la kwanza. Kilichofumbua fumbo ni kumtazama mtoto mwili mzima. Ukimpeleka mtoto kliniki kwa ajili ya shavu, mwambie daktari au muuguzi kila kitu ulichoona: tumbo, macho, miguu, hata jinsi anavyokojoa.

(Muziki mfupi)

Swali lililofuata lilikuwa hili: mbona ugonjwa upo mahali fulani na mahali pengine haupo? Burkitt aliandika karatasi zenye picha za watoto wagonjwa akazituma kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Majibu yalionyesha ukanda mpana unaokatiza katikati ya Afrika.

Mwezi wa Oktoba 1961 alifunga safari mwenyewe pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson. Walipanda gari kuukuu walilolinunua kwa bei nafuu, wakatoka Uganda kuelekea kusini mpaka Afrika Kusini. Safari ilichukua wiki 10 na maili zipatazo 10,000, yaani kilomita 16,000. Walipita katika hospitali zaidi ya 50, na kila walipofika waliuliza lile lile: mmewaona watoto hawa?

Waligundua kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi, zaidi ya futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Ulikuwa mwingi katika sehemu za chini zenye joto na unyevu. Mkulima yeyote wa Nyanza angewaambia ni kitu gani kingine kinachopenda joto na unyevu. Ni mbu.

Mwanzoni walidhani labda mbu anabeba virusi vinavyoleta saratani hiyo. Baadaye Dkt. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyechunguza watoto hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, alielekeza kidole kwenye malaria yenyewe.

Virusi navyo vilipatikana, ila havikuwa vya mbu. Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alizungumza London, na mtaalamu kijana wa virusi, Anthony Epstein, alikuwa akisikiliza. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilitumwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliviona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe huo. Viliitwa virusi vya Epstein-Barr. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Usiogope, mama. Virusi hivi huenea kwa mate, na karibu kila mtu duniani anavyo. Havimpi kila mtu saratani. Vikikutana na malaria inayomrudia mtoto tena na tena tangu uchanga, zile chembe za kinga huchochewa zizaliane bila kupumzika, na katika kuzaliana huko kosa linaweza kutokea ndani ya seli moja. Katika West Nile, Uganda, watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakawafuatilia. Wale wachache waliougua baadaye walionekana kuwa na dalili za virusi hivyo kwa wingi damuni hata kabla ya uvimbe kutokea.

Kosa lenyewe la seli lilijulikana mwaka 1982. Jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike, huhamishwa kutoka mahali pake na kuwashwa muda wote, kama gari lisilo na breki. Mwaka 1983 jeni ndugu yake, MYCN, iligunduliwa katika nyuroblastoma, saratani nyingine ya watoto inayoanzia kwenye neva, mara nyingi tumboni. Kwa hiyo tumbo likivimba si lazima iwe Burkitt. Huenda ikawa nyuroblastoma, au saratani ya figo, au bandama tu. Vipimo ndivyo vitakavyosema.

(Muziki mfupi)

Sasa matibabu. Kwa Burkitt, mpasuaji, kisu hakikufaa, maana uvimbe ulirudi. Mashine za mionzi hazikuwapo Kampala. Mwaka 1960 alianza kujaribu dawa, kwanza methotreksati, halafu siklofosfamaidi na vinkristini. Nairobi, Dkt. Peter Clifford alifanya kazi hiyo hiyo. Nigeria alikuwapo Profesa Anomah Ngu, mwana wa Kamerun. Mwaka 1967 kituo maalumu kilifunguliwa Mulago chini ya Dkt. John Ziegler, Mmarekani. Nyakati za Idi Amin Wamarekani walipoondoka, Dkt. Charles Olweny, Mganda, alikiongoza na watoto wakaendelea kutibiwa.

Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe mkubwa kama chungwa uliyeyuka kwa siku chache. Wakati huo madaktari wengi duniani waliamini kwamba saratani haiponi kwa dawa. Watoto wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwaonyesha kwamba inapona.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Uvimbe huu ndio unaokua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu. Seli zake huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Uvimbe wa Jumatatu si ule wa Ijumaa. Na kwa kuwa huyeyuka upesi pia, mzazi huona shavu limerudi sawa, nauli imekwisha, watoto wengine wako nyumbani peke yao, basi humchukua mtoto na kurudi naye. Sisi wauguzi tunaozunguka vijijini tunawajua watoto waliorudishwa hivyo. Ndani mwake seli zilizobaki huamka, na zikiamka mara ya pili dawa huwa ngumu kuzishinda.

Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Afrika idadi iko chini sana, na sababu kubwa ni mbili: kuchelewa kufika, na kuacha dawa kabla ya kumaliza. Sababu hizo mbili tunaweza kuzipunguza sisi wenyewe, mzazi, jirani na muuguzi.

Kuhusu kinga, mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa North Mara, Tanzania, walipewa klorokwini ili kupunguza malaria. Wagonjwa wa Burkitt walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo jibu halikuwa wazi. Hata hivyo kumkinga mtoto na malaria ni faida tupu. Tumia neti kila usiku. Chanjo ya malaria nayo ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, ikizinduliwa Homa Bay. Uliza kama inatolewa katika kituo chenu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Meno kulegea kwa mtoto asiyefikia umri wa kung'oka, au kulegea kadhaa pamoja, si jambo la kawaida. Usikubali yang'olewe kabla mtoto hajapimwa.

2. Uvimbe wa taya au shavu usiouma, jicho kutokeza, tumbo kuvimba, miguu kulegea ghafla au mkojo kukataa kutoka: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya soko.

3. Usimchanje wala kumkanda tumbo. Si uchawi, si laana, wala mtoto hawaambukizi wenzake saratani.

4. Ukipewa barua ya rufaa, omba jina la hospitali na la idara. Uliza mapema kuhusu bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

5. Uvimbe ukiyeyuka, dawa haijaisha. Daktari ndiye atakayesema imetosha. Ukikwama kwa nauli au chakula, sema na muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji kabla ya kuondoka wodini.

Leo usiku, unapomsafisha mtoto meno, mtazame taya zote mbili, kisha umpapase tumbo. Ukiona jambo usilolielewa, njoo kituoni.  

(Muziki wa kufunga)