Mazda RX-7

Mazda RX-7 ni gari la michezo lililotengenezwa nchini Japani kuanzia mwaka 1978 hadi 2002. Injini yake ni ya aina ya Wankel: badala ya pistoni ina rota mbili zenye pembe tatu.

Kila ncha ya rota ina sili nyembamba inayozuia gesi kuvuja. Sili hizo hulainishwa kwa oili inayoungua pamoja na petroli. Kwa hiyo oili hupungua hata injini ikiwa nzima, nayo hupaswa kupimwa mara kwa mara. Joto kupita kiasi huharibu sili za maji, na injini hulazimika kufunguliwa yote. Ndiyo maana katika magari yaliyozeeka rejeta na mipira ya maji hubadilishwa mapema, kabla havijapasuka.