Majani ya Hiari na Majani ya Njaa

Nilipofika umri wa kustaafu, nilikuwa nimenenepa kuliko nilivyopata kuwa maishani mwangu. Daktari aliyenipima alitazama mizani, akatazama kipimo cha shinikizo la damu, kisha akaniambia kwa upole kwamba nipunguze uzito. Hakunieleza nipunguze kwa njia gani, nami sikuuliza. Nikarudi nyumbani Kilwa Masoko, nikajitungia sheria: asubuhi chai ya rangi isiyo na sukari, mchana saladi, jioni saladi. Saladi yenyewe ilikuwa matango, nyanya, vitunguu na majani mabichi, na ndimu iliyokamuliwa juu yake. Wali, ugali, samaki na nazi, vyote nilivipiga marufuku.

Wiki tatu za mwanzo nilijiona shujaa. Kilo nne zilinitoka. Wiki ya nne, nikiwa uani naanika nguo, dunia ikazunguka, nikajikuta nimeketi chini nimekumbatia kinu. Dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Kivinje. Aliniinua, akanipa maji, kisha akaenda kufunua kawa lililofunika chakula changu. Akatazama, akafunika tena.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "haya ni majani ya mwaka gani?"

Asiyekulia nyumbani kwetu hawezi kulielewa swali hilo. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa mtoto katika vilima vya Umatumbi wakati wa vita vya Majimaji. Vita hivyo vilianza mwishoni mwa Julai 1905, pale watu wa Nandete walipong'oa pamba katika shamba walilokuwa wakilazimishwa kulima. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani mapema Agosti mwaka huohuo, lakini vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani walipoona kwamba bunduki pekee hazitoshi, walichoma vijiji, maghala na mazao mashambani. Ofisa wao mmoja, Kapteni Wangenheim, alimwandikia Gavana von Götzen kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa.

Bibi hakujua hesabu hizo. Yeye alijua majani. Alitusimulia jinsi mama yake alivyochemsha majani ya porini bila chumvi, bila karanga, bila chochote, wakala asubuhi na jioni. "Tumbo linajaa," alikuwa akisema, "lakini mwili haupati habari." Miaka ile aliita miaka ya majani. Na hapo nilipo, kwa hiari yangu, na soko la samaki si mbali na nyumba yangu, nilikuwa nimejirudishia miaka hiyo mezani.

Swali la dada halikunitoka kichwani. Nikaanza kutafuta watu wa pwani hii walikula nini kabla ya njaa hiyo, na mboga ilikaa wapi katika sinia lao.

Habari ya kale iliyonifurahisha zaidi ni ya Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu aliandikiwa wali wa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Akaongeza kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima la wenzake, na kwamba wenyeji ni wanene mno. Naam, unene wa mtu mwenye nafasi si jambo la leo! Kutoka huko alipitia Mombasa, alikoona watu wakila zaidi ndizi na samaki, kisha akafika Kilwa, mji aliousifu kwa uzuri wake.

Kuhusu Kilwa yenyewe, ushahidi mwingine ulitoka kwa maadui. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na askari wake wakaupora. Mmoja wa walioandamana na safari hiyo ameacha maelezo ya yale waliyoyakuta: ng'ombe, mbuzi, kondoo, samaki tele, na bustani zilizomwagiliwa maji ya visima, zenye machungwa matamu, malimau, vitunguu, mboga na majani ya kunukia. Nimetembea mara nyingi Kisiwani kati ya magofu na visima vya zamani, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliinama kwenye kisima kama hivyo kila jioni, akiteka maji ili kitunguu chake kisikauke. Mboga, basi, ilikuwa na heshima katika mji huu. Ila haikuwa peke yake. Ilikuwa na samaki, maziwa na nafaka.

Hata kachumbari tunayoiona kuwa ya asili ni mkutano wa safari nyingi. Jina lake lilitoka Bara Hindi. Kitunguu na ndimu vilikuwapo zamani, lakini nyanya na pilipili kali vimetoka Marekani ya Kusini na ya Kati, vikaletwa katika bahari yetu baada ya Wareno. Njia hiyohiyo ilituletea muhogo, na muhogo ukatupa kisamvu. Hapa wazee wetu walikuwa waangalifu kuliko mimi na saladi yangu. Walijua kwamba kisamvu hakiliwi kibichi. Hutwangwa, kikachemshwa muda mrefu, ndipo kikaungwa kwa nazi. Wataalamu wa leo wanatuambia sababu: majani hayo yana chembechembe zinazotoa sumu ya sayanidi, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Si kila kijani ni cha kuliwa kikiwa kibichi, wala ubichi peke yake si afya.

Nazi nayo haikuwa anasa ya ulimi tu. Kile kinachogeuka vitamini A katika mchicha, matembele na kisamvu huhitaji mafuta ili mwili ukichukue, na tui kidogo linatosha. Ndimu inayokamuliwa juu ya mboga husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika majani. Dagaa na samaki hutupa protini, pamoja na vitamini B12 isiyopatikana katika majani yoyote. Kunde na choroko hujenga misuli na hukaa tumboni, mtu asihisi njaa upesi. Tango, kwa upande wake, karibu lote ni maji. Ni chakula kizuri, lakini mtu akilifanya tegemeo lake atapungua uzito kama mti unavyopungua majani wakati wa kiangazi: si mafuta peke yake yanayokwenda, na misuli nayo inakwenda.

Lugha yetu yenyewe ilikuwa imekwisha kuniambia haya, sikusikia. Mtu akiulizwa, "Leo mboga gani?" anaulizwa ataulia nini ugali wake. Mboga, katika masikio yetu, ni kitu cha kufuatana na kingine. Aliyekula mboga tupu hasemi amekula, anasema ameshinda.

Dada alikaa nami wiki mbili, na katika wiki hizo tulipanga sahani upya. Nusu yake ni mboga za majani, za kupikwa kwa tui jepesi, na kachumbari kando. Robo ni changu wa kuchoma au kunde. Robo iliyobaki ni wali au ugali wa muhogo, ambao zamani ndio uliojaza sahani yote. Vitumbua vya asubuhi na sukari ya chai niliviaga, na kila jioni natembea hadi ufukweni na kurudi. Mizani ilishuka polepole, kilo tisa kwa mwaka mzima, na sikuanguka tena. Hayo nayasema kama mtu aliyepitia, si kama tabibu. Mwenye kutumia dawa za shinikizo au kisukari na aanze kwa kumwuliza daktari wake, na amwulize lile nililoacha mimi: kwa njia gani?

Bado nakula majani mengi, pengine mengi kuliko bibi alivyokula katika miaka ile. Lakini kila nikiketi, nahakikisha kuna kitu pembeni yake. Yeye hakupata kuchagua. Mimi nimepewa bahari, kisima na soko. Kuyala majani yale matupu, kwa kujisifu, ilikuwa kama kuicheza njaa yake.