Kichuguu cha Mtandao

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, saa mbili usiku, nilizima ruta na kuiwasha mara sita. Taa zake zilikuwa za kijani. Vijiti vya mtandao kwenye simu yangu vilijaa. Lakini kila nilichofungua kilizunguka tu, na mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga kitenge cha kwenda kanisani, anasubiri uso wa dada utokee kwenye kioo.

Dada anafanya kazi za ndani Muscat. Bosi wake humruhusu kushika simu saa moja kwa wiki, Jumapili usiku, na saa hiyo hapa kwetu Kasoli ni ya Mayu. Hakuna anayeigusa. Hata ruta ni ya dada: alituma hela mwezi Januari, nikainunua Bariadi mjini, wiki ileile niliyorudi nyumbani kuandika tasnifu yangu ya uzamili. Nasoma historia. Ndugu zangu wanaamini mtu wa chuo kikuu anajua kutengeneza chochote chenye waya.

Kwa miezi minne niliijua ruta kuliko nilivyoijua tasnifu. Mwanzo niliiweka kabatini pembeni ya televisheni, na kasi haikuvuka megabiti moja kwa sekunde. Nililaumu ruta, nikalaumu laini, nikalaumu bando. Kumbe nyumba yetu ni ya tofali, na juu kuna mabati, na mabati hurudisha mawimbi ya redio kama yanavyorudisha jua. Ndani ya mipangilio ya ruta kuna namba yenye alama ya kutoa inayoonyesha nguvu ya mtandao. Kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo ilivyo bora. Kabatini ilisoma -113. Kwenye dirisha linalotazama mnara ilisoma -98. Mita nne tu, na picha ya dada ikaacha kukatika vipande.

Baadaye nikaanza kuandika kasi kwenye daftari, maana ndicho tulichofundishwa: usiamini kumbukumbu peke yake. Saa kumi alfajiri, megabiti kumi na nne. Saa mbili usiku, mbili. Ruta ileile, dirisha lilelile. Mnara mmoja unagawa uwezo wake kwa kila mwenye simu, na saa mbili usiku kila mtu ameshatoka shambani na kula. Hilo halitengenezeki kwa kuzima na kuwasha. Nilimwomba dada abadilishe saa, akacheka kwa namna ambayo sikurudia kuomba tena.

Mayu aliponiona nazunguka na ruta mkononi kutafuta ile namba, alisema, "Ng'wanawane, ndivyo tulivyokuwa tunafanya kwenye kichuguu."

Kichuguu chenyewe bado kipo nyuma ya shamba la pamba, ingawa mvua zimekila nusu. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, Mobitel ikiwa Dar es Salaam. Vodacom ikaingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Minara ilifuata miji na barabara kuu, na sisi tulishika makombo ya mnara wa mbali. Mtambo wa GSM wa kawaida una mpaka wa karibu kilomita 35, hata kama mawimbi yana nguvu ya kwenda mbele zaidi, kwa sababu simu huzungumza na mnara kwa zamu za muda mfupi mno. Ukiwa mbali kupita hapo, sauti yako inachelewa na kuangukia zamu ya mwenzako. Kabla hujafika kilomita hizo, miti, mawe na mgongo wa ardhi vinakuwa vimeshakuziba. Ndiyo maana mita mbili za udongo wa mchwa zilikuwa na thamani. Mayu anasema palikuwa na foleni, na aliyepanda juu alipaza sauti utafikiri anataka kufika Mwanza bila simu. Siri haikuwepo. Kijiji kizima kilijua nani anadaiwa.

Nikamuuliza kabla ya kichuguu kulikuwa na nini. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia habari ya mwaka 1986.

Mwaka huo babu alifariki. Mjomba alikuwa kibarua Tanga. Walimtuma kijana kwa baiskeli hadi posta ya Bariadi kupeleka telegramu, na kwa kuwa telegramu ililipiwa kwa neno, familia ilikaa usiku inapunguza maneno. Yakabaki matatu: BABA AMEFARIKI NJOO. Mjomba alifika siku ya tano. Kaburi lilikuwa limeshakauka. Mayu anasema hakumlaumu mtu, ila hadi anakufa hakuwahi kulisogelea lile kaburi akiwa peke yake.

Mimi ni mwanafunzi wa historia na sikuwahi kuisikia habari hii. Ilitokana na ruta.

Nimesoma sana juu ya miaka iliyofuata: Shirika la Posta na Simu kugawanywa miaka ya mwanzo ya 1990 na TTCL kuzaliwa, sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili kulipia minara pale kampuni zisipoona faida, Halotel kuingia mwaka 2015 na kukimbilia vijijini, mikataba ya minara 758 iliyosainiwa Dodoma Mei 2023. Ni historia ya kweli na imebadilisha maisha ya watu. Lakini inaandikwa kwa hesabu ya minara, na ramani zake hupaka rangi eneo zima kana kwamba watu wote wanaishi nje, hawana mabati.

Turudi kwenye ile Jumapili. Baada ya kuwasha ruta mara ya sita nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo: nilichukua kitochi cha Mayu nikampigia shangazi aliye Bariadi. Akapokea mara moja, sauti safi. Kwa hiyo mnara ulikuwa mzima, na njia ya kutoka mnarani kwenda mjini pia ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mbele zaidi, mbele ya kila kitu nilichoweza kukigusa.

Tulijua siku iliyofuata. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kusini, katika pwani ya Afrika Kusini. Seacom ilikuwa tayari imejeruhiwa upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu, mwezi Februari. Nchi nzima ilipunguzwa kasi. Hata ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga ofisi kwa siku mbili.

EASSy inapanda nchi kavu huko kusini mahali panapoitwa Mtunzini, katika nchi ya Wazulu. Jina hilo lilinisimamisha. Januari 1879 Wazulu waliwapiga Waingereza Isandlwana, na habari zikachukua karibu wiki tatu kufika London, kwa kuwa hakukuwa na waya wa kuziunganisha pande hizo. Aibu ile iliharakisha kazi. Kabla mwaka haujaisha, waya wa telegrafu ulikuwa umelala chini ya bahari kutoka Durban kupitia Msumbiji na Zanzibar hadi Aden. Waya wa mwanga wa leo umelala katika bahari hiyohiyo, ukifuata mwelekeo uleule. Ulitandikwa kwanza ili dola ipate habari za vita vyake. Sasa unabeba, pamoja na mengine, uso wa mfanyakazi wa ndani wa Muscat anayetaka kumwona mama yake.

Nilijaribu kumweleza Mayu. Nilichora bahari chini kwa kijiti. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mtoto anajua kwamba waya umekatika, au anadhani hatukutaka kupokea?"

Sikuwa na jibu. Nilituma ujumbe mara kadhaa. Ukabaki na tiki moja.

Jumatano usiku kitochi kililia, namba ndefu ya nje. Dada alikuwa amenunua salio kwa hela yake akapiga simu ya kawaida, ile inayokula pesa kwa dakika. Mayu alitoka nje, akasimama mbali na mabati, sikio limeshikwa kwa kiganja. Mzima? Mzima. Unakula? Nakula. Ulilia? Kimya kidogo. Basi. Aliongea kama mtu anayelipia kila neno, na wala si yeye aliyekuwa analipa.

Alipokata, aliniuliza ruta inakula umeme kiasi gani kwa mwezi. Nikamwambia kidogo.

"Basi usiizime," akasema, akaenda kufunga kuku.