Simu ya Upepo na Lugha ya Wazi: Kutoka Illinois hadi Ziwa Mweru

Mpaka wa Zambia na Kongo hupita majini katika Ziwa Mweru, na kwa mapatano ya mwaka 1894 baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulipindishwa ili kisiwa cha Kilwa kibaki chote kwa Waingereza. Wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi, watokao usiku na taa zao kuvua samaki wadogo waitwao chisense, hawauhisi mpaka huo. Bali afisa aketiye mbele ya simu ya upepo, yaani redio, anauhisi barabara, kwani upande mmoja serikali husema Kiingereza na upande wa pili Kifaransa, ilhali raia hufahamiana kwa Kibemba na kwa Kiswahili, lugha ya wale wafanyabiashara wa pwani ambao mvumbuzi Livingstone aliwakuta kwa mfalme Mwata Kazembe mwaka 1867. Mahali pa namna hiyo, suala la kutangaza hatari kwa mafumbo au kwa maneno ya wazi si la kuachiwa mafundi wa mitambo.

Aghalabu watu wamsikiapo askari akitamka namba badala ya habari hudhani kuwa namba zile zilibuniwa kwa ajili ya siri. Asili yake ni nyingine kabisa. Mwaka 1937 Charles Hopper, mkuu wa mawasiliano katika wilaya moja ya polisi wa jimbo la Illinois, Marekani, alikuwa na redio za gari zilizotiwa nguvu na dainamo ndogo, na dainamo hiyo, askari abonyezapo kitufe ili aseme, ilichelewa kidogo kushika kasi, hata silabi ya kwanza ikapotea hewani. Hopper akaamuru kila namba itanguliwe na neno “kumi” kwa Kiingereza: neno hilo likamezwa na mtambo, na namba yenye maana ikafika salama. Dainamo zikatoweka, namba zikabaki, na kila mji ukazitafsiri upendavyo.

Hasara ya tofauti hizo ilidhihirika California mwaka 1970, moto wa nyika ulipowakusanya wazima moto wa idara nyingi, ambao walipoitana redioni hawakuelewana. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa kuwataka wote waseme kwa maneno ya kawaida, na kuanzia mwaka 2006 serikali ya Marekani ikaufanya utaratibu huo kuwa sharti la misaada yake, pale idara zaidi ya moja zinapokabili msiba mmoja.

Mabaharia na marubani walikuwa wametangulia kwa hekima. Ishara ya SOS ilikubaliwa Berlin mwaka 1906. Na Mockford, afisa wa redio wa uwanja wa ndege wa Croydon, alipobuni “Mayday” mwaka 1923, alichagua tamko lenye kushabihi Kifaransa, maadamu ndege nyingi za hapo zilikwenda na kurudi Paris. Nionavyo, fumbo lijulikanalo na wote si fumbo tena: baada ya wito huo mwombaji hutaja chombo chake, mahali alipo na lililomsibu, basi. Kadhalika huko Iganga, Uganda, mwaka 1996, wakunga wa jadi walipewa redio za kuita gari la wagonjwa, na wito wa namna hiyo, nionavyo, hauhitaji mtu kukariri namba.

Agosti 2017, wakimbizi wa majimbo ya Kongo ya Katanga Juu na Tanganyika walipoanza kuingia Nchelenge kwa maelfu, wakapokewa Kenani na, tangu Januari 2018, wakapelekwa Mantapala, walikutana huko maafisa wa serikali, wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya hisani. Umoja wa Mataifa huwaita maafisa wake redioni kwa herufi na tarakimu, na desturi hiyo naitetea, kwani jina la mtu, khususan la mgonjwa, lastahili stara. Walakini kwamba mtumbwi umepinduka, wapi, na wangapi wamo majini, hayo hayastahili kufichwa na yeyote. Tena Mweru ina shida yake: Kiingereza kilicho wazi kwa afisa wa Nchelenge ni fumbo kwa mvuvi wa Pweto, upande wa Kongo, na zamu isiyo na mtu ajuaye Kibemba na Kiswahili itakuwa ikitangaza mafumbo bila kukusudia, huku wavuvi wakiitana wenyewe kwa wenyewe kwa simu za mkononi.