Kadi ya Mwisho

Ndugu vijana, sisi tuliokabidhiwa wadogo katika parokia tunapaswa kuzijua hila zinazowatega. Mojawapo ilifichuliwa zamani nchini Japani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, watoto wa huko walinunua karameli zenye kadi za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti. Aliyetimiza kadi zote zilizotakiwa alipata zawadi. Mchezo ulionekana hauna madhara, lakini tuhesabu. Tuseme kadi ni aina 6, zenye wingi sawa. Mtoto aliyekwisha kupata 5 hudhani amebakiza hatua moja tu. Kumbe kila pakiti anayonunua inampa nafasi 1 kati ya 6, na kwa wastani atanunua pakiti 6 nyingine kwa ajili ya kadi hiyo peke yake. Mwuzaji akiifanya iwe adimu, ununuzi hauna mwisho.

Amri ya serikali ya mwaka 1977 ilikataza kutoa zawadi kwa njia hiyo. Ilieleweka kwamba njia yenyewe ina udanganyifu, na kwamba inawasha tamaa ya bahati nasibu ndani ya watoto. Karameli hazikukatazwa, wala kadi. Kilichokatazwa ni mtego.

Miaka 35 ikapita. Mwaka 2012 mtego uleule ulikuwa umerudi ndani ya michezo ya telefoni: mchezaji alilipa ili kuchota picha kwa bahati, na aliyetimiza seti nzima alipewa picha adimu. Wakala wa Mambo ya Watumiaji haukuhitaji sheria mpya. Ulitamka kwamba amri ya zamani inahusu jambo hilo pia, na kampuni zikauacha mtindo huo.

Kanisa halifundishi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Hufundisha kwamba ni kosa mchezo unapomnyima mtu mahitaji yake au ya wenziwe, na udanganyifu ni kosa daima. Mtoto anayecheza kwa telefoni ya mzazi anaweza kuimaliza pesa ya unga wa nyumbani.

Basi, katika mkutano ujao tuwape wadogo vifuniko 6 vya chupa vyenye namba, ndani ya mfuko. Wachote kimoja, wakirudishe, wachote tena, wakihesabu mpaka namba zote zionekane. Watakapochoka kungojea ile ya mwisho, tuwaulize: nani angelipia?