Msaliti Tuliyemsahau

Taja usaliti mbele ya waliosoma Julius Caesar ya Shakespeare, kwa Kiingereza au katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1963, na jina litakalowatoka mdomoni ni moja tu: Brutus. Jamani, mzigo wote huo kabebeshwa peke yake! Hebu tufungue historia kidogo.

Machi 15, mwaka 44 K.K., Caesar aliuawa mjini Roma mbele ya senati. Mwili ulikuwa na majeraha 23. Waliokula njama walizidi 60, na Brutus alikuwemo, ndiyo. Lakini bwana huyu hakuwa mtu wa Caesar toka mwanzo. Katika vita vya mwaka 48 K.K. alisimama upande wa Pompey. Akashindwa, akasamehewa, akapewa cheo. Alikuwa na deni la msamaha. Udugu wa vitani hakuwa nao.

Aliyekuwa nao ni mwingine: Decimus Brutus. Huyu alimpigania Caesar huko Gaul na kuongoza merikebu zake. Caesar alimwandika hata kwenye wosia, kati ya warithi wa akiba. Asubuhi ile Calpurnia alipoota ndoto mbaya na mumewe akaghairi kutoka, nani alikwenda nyumbani kumshawishi? Decimus. Kikulacho ki nguoni mwako.

Shakespeare, mwaka 1599, alimwita Decius. Akampa kazi hiyo ya kumtoa mzee nyumbani, na baada ya onyesho la mauaji hatumwoni tena jukwaani. Kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu Brutus anateseka. Anapima rafiki na nchi, halali usiku, na tanzia hula mateso ya namna hiyo. Decius hajiulizi kitu. Anatabasamu, anabembeleza, basi.

Na hapo ndipo sisi wasomaji tunapigwa chenga. Mwenye hotuba tunamhukumu na kumlilia. Aliyebisha hodi kwa upole tunampita kama hatukumwona. Historia haikumpita: mwaka 43 K.K. alikamatwa akikimbia, akauawa kwa amri ya Antony.

Wewe unayeandika mchezo wako sasa hivi, usimtafute msaliti kwenye kelele tu. Mtazame yule anayejua mlango wako unafunguliwaje.