Mary Wade: Kuponzwa na Gauni, Kuponea kwa Mfalme

Januari 1789, mahakama ya Old Bailey jijini London iliwahukumu kunyongwa wasichana wawili, Mary Wade na Jane Whiting. Walikuwa wamemvua nguo mtoto wa miaka minane chooni, kisha gauni lake likawekwa rehani. Jane alikuwa na miaka 14. Mary, ombaomba na mfagiaji wa mitaa, alikuwa na miaka 11 hivi.

Sheria za Uingereza wakati huo ziliithamini mali kuliko roho. Hata hivyo, wengi waliohukumiwa kifo hawakufikishwa kitanzini; serikali ilipendelea kuwapeleka mbali. Tangu sheria ya 1718, wafungwa wapatao 50,000 walikuwa wamesafirishwa hadi makoloni ya Amerika, hasa Virginia na Maryland, na huko utumishi wao ukauzwa kwa wenye mashamba. Vita vya uhuru wa Marekani vikaufunga mlango huo. Jela zikafurika, na kuanzia 1776 wafungwa wakasokomezwa katika meli kuukuu zilizotiwa nanga mtoni Thames.

Afrika nayo iliponea chupuchupu. Mwaka 1785 wakubwa wa London walijadili kuwamwaga wafungwa kwenye kisiwa kimoja cha mto Gambia, wajitafutie riziki wenyewe, bila hata walinzi. Kamati ya bunge ikakataa. Pwani ya kusini magharibi ya bara letu ikapimwa, ikaonekana kame. Ndipo, mwaka 1786, ikachaguliwa Australia, na merikebu 11 za kwanza zikang'oa nanga Mei 1787. Wenyeji wa huko, bila shaka, hawakuulizwa.

Mary alikuwa bado gerezani Newgate akisubiri kamba pale Mfalme George wa Tatu, aliyekuwa ameshikwa na wazimu, alipotangazwa kuwa amepona, Machi 1789. Katika shamrashamra hizo, wanawake waliokuwa wakingoja kifo walipewa msamaha kwa sharti la kwenda uhamishoni. Baadhi yao walikataa mwanzoni, heri kitanzi. Mimi siwalaumu: nani alijua Sydney ni nini?

Merikebu Lady Juliana, iliyobeba wanawake zaidi ya 200, Mary akiwemo, ilisafiri takriban miezi 10 na kufika Sydney Juni 1790. Ilikuta koloni lenye njaa, lililokuwa likingojea chakula kwa hamu, si midomo mipya. Mary alipelekwa kisiwa cha Norfolk, na huko, akiwa bado binti mdogo, akaanza kuzaa. Baadaye alirudi bara, akaishi na Jonathan Brooker, mfungwa mwenzake wa zamani, wakafunga ndoa 1817 na kulima. Alifariki 1859 katika wilaya ya Illawarra, kusini mwa Sydney, akiwa bibi wa ukoo mkubwa.

Usafirishaji wenyewe ulikoma 1868, baada ya wafungwa wapatao 160,000 kuvushwa. Kwa vizazi kadhaa familia zilificha asili hiyo kama aibu. Leo kumpata babu mfungwa ni jambo la kujivunia. Mmoja wa wajukuu wa mbali wa Mary ni Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu, ambaye Februari 2008, katika bunge la Canberra, aliwaomba radhi wenyeji wa Australia kwa watoto wao walionyakuliwa na serikali.